Zamu ya Modemu

Baba mkubwa aliponunua kompyuta, alinunua tatu: moja ya dukani, moja ya Bi Mkubwa na moja ya Bi Mdogo. Hakuna aliyeshangaa. Nyumba yake pale Kibiti ilikuwa na majokofu mawili, televisheni mbili, na vitanda viwili vilivyochongwa na seremala mmoja kwa mbao za mti mmoja. Nazi zikiletwa kutoka shamba la Mtunda zilihesabiwa uani mbele ya wote, na ikizidi moja ilivunjwa hapo hapo, kila mke akachukua nusu yake. Mwanamume mwenye wake wawili, alikuwa akisema, akimpa mmoja kitu akamnyima mwenziwe, siku ya kiyama atafufuliwa ameinama upande.

Nilimuuliza kama Mungu ana habari na kompyuta za mitumba.

Akanitazama juu ya miwani yake. "Wewe binti, chuo kikuu kimekufundisha kuuliza. Somo la kunyamaza ulikuwa umelala?"

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo na sikuwa na kazi. Nilikuja kwake kukaa mwezi mmoja, kusaidia dukani, na mwezi huo ukawa unajiongeza wenyewe. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaona kila desturi ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria kabla yake. Niliuliza kwa nini tunakula pembeni mwa sinia tukiacha katikati. Niliuliza kwa nini mgeni haulizwi anakaa siku ngapi. Chakula cha mchana nilikula kwa Bi Mkubwa na cha usiku kwa Bi Mdogo, kwa amri ya baba mkubwa, na hilo pia niliuliza, ila huku natafuna.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye mtaji kidogo alifungua kitu. Kivuko cha Ndundu kilikuwa kimebaki hadithi, malori yalivuka mto darajani bila kusimama, lami ilikuwa imefika, na bidhaa zilizokuwa zikitufikia zimechoka sasa zilifika zikiwa bado na harufu ya makasha. Umeme ulikuwa umekuja, ukikatika mara kwa mara ili tusijisahau. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akasimamisha madishi mawili makubwa juu ya paa la ghala lake, akatandaza kebo juu ya minazi na nguzo, akatuuzia televisheni. Kila upande wa nyumba yetu ulikuwa na tundu lake ukutani, bila shaka. Halafu siku moja akatangaza kwamba kupitia kebo hiyo hiyo ataleta na intaneti.

Baba mkubwa alijiandikisha kwa sababu moja tu. Binti yake, mtoto wa Bi Mkubwa, alikuwa ameolewa Maskati miaka sita iliyopita na hajawahi kurudi. Simu zake zilikuwa fupi na ghali. Akasikia kwamba kwa intaneti mtu anaweza kumwona mwenziwe akizungumza, na kwa muda wanaotaka. Ndiyo maana kompyuta zikawa nyingi. Yule binti alikuwa na mama wawili. Miaka ya utoto wake Bi Mkubwa alikuwa akishinda bondeni Ngorongo msimu mzima wa mpunga, analala juu ya dungu akilinda ndege na nguruwe, na mtoto alilala kwa Bi Mdogo, akavalishwa sare na Bi Mdogo, akachapwa na Bi Mdogo alipotoroka madrasa.

Fundi wa kebo alikuja na ngazi yake, mtu mzima mwenye tumbo, mpole sana. Akatoa kijisanduku cheusi chenye taa tano, akakiunganisha na kompyuta ya dukani, akafungua ukurasa wa kwanza, sote tukapiga makofi. Kisha akasema: "Modemu moja, kompyuta moja."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyo."

"Lakini kwa nini iwe ndivyo?"

"Dada, mimi napanda nguzo tu." Akakunja ngazi. Akiwa mlangoni akageuka. "Na msiizimezime hovyo. Hizi mashine hazitaki."

Baba mkubwa alifikiri jioni nzima. Asubuhi akatoa uamuzi, nasi tukausikiliza tumesimama uani, Bi Mkubwa mlangoni kwake, Bi Mdogo mlangoni kwake. Modemu itafuata zamu. Siku mbili kwa Bi Mkubwa, siku mbili kwa Bi Mdogo, kama yeye mwenyewe. Itahama pamoja naye baada ya alasiri.

"Na dukani?" nikauliza.

"Duka si mke."

Sasa lazima nieleze jinsi wale wawili walivyokuwa, maana wasomaji wengine watawaza kwamba walichukiana. Hawakuchukiana. Walikuwa tu hawavukiani vizingiti. Palikuwa na jambo la zamani kuhusu sufuria iliyoazimwa, na kila mmoja aliponisimulia, sufuria ilikuwa ya kwake. Wakiwa na neno, walinituma mimi. "Kamwambie mwenzangu mvua inakuja, aanue," angesema Bi Mkubwa, na Bi Mdogo, aliyekuwa hatua kumi kutoka pale na amesikia kila kitu, angeningoja nifike, anisikilize mpaka mwisho, ndipo aanue.

Siku ya kwanza modemu ilikwenda kwa Bi Mkubwa, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kwa kuwa fundi alisema isizimwe, baba mkubwa alikuwa amenunua lile sanduku zito la betri linaloshika umeme ukikatika. Tukaichomeka modemu humo pale pale dukani, ikiwa bado imeungana na kompyuta ya hapo, mpaka ikawaka. Mimi nikaibeba kwenye sinia, Bi Mkubwa akaifunika kwa kawa ili vumbi lisiingie, na baba mkubwa akatembea kando yangu amekumbatia betri, waya umetuunganisha kama mbuzi na mchungaji. Tulivuka ua mzima hivyo. Majirani walitutazama juu ya uzio wakidhani tunapeleka posa.

Tukafika, tukachomeka kebo ukutani. Taa zote tano zikawaka. Kompyuta ikawaka. Intaneti haikuja.

Nilibonyeza kila kinachobonyezeka. Nilizima kompyuta nikaiwasha, nikafuta vumbi, nikabadilisha waya. Siku mbili nzima Bi Mkubwa alikaa mbele ya kioo amevaa kanga mpya, mkono kidevuni, akisubiri kumwona mwanawe, na kioo kikamjibu kwa Kiingereza kwamba ukurasa haukupatikana.

"Kinasema nini?" akauliza.

"Kinasema bado."

"Mwambie mimi sina haraka," akasema. Alikuwa nayo. Niliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikikunja na kukunjua pindo la kanga.

Zamu ilipokwisha, alichomoa plagi kwa mkono wake mwenyewe, kwa hasira, akanikabidhi kijisanduku kikiwa kimezimika. "Chukua. Wapelekee." Nikakibeba kwapani bila sinia, bila kawa. Nikasimama dukani kidogo kumhudumia mteja wa sukari, kisha nikafika kwa Bi Mdogo, nikachomeka. Intaneti ikaja kabla sijavuta kiti.

Bi Mdogo alipiga kelele kidogo ya furaha, akajiziba mdomo. Kelele hiyo ilikuwa imeshavuka ua.

Alipomaliza siku zake mbili, Bi Mdogo alifanya jambo la heshima. Hakutaka isemwe kwamba amemrudishia mwenziwe kitu kibovu. Akaita betri, akaita sinia, akatoa kawa yake mpya iliyosukwa kwa rangi, akasimamia mwenyewe modemu ikitoka kwake inawaka taa zote tano. "Waione," akasema. "Imetoka hapa nzima."

Ikafika kwa Bi Mkubwa nzima. Na haikufanya kazi.

Mambo yakawa hivyo kwa zamu tatu. Kwa Bi Mdogo inaongea, kwa Bi Mkubwa inanuna. Mtaani pakaanza maneno. Mama mmoja muuza vitumbua aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Bi Mdogo ameisomea. Bi Mkubwa mwenyewe hakusema hivyo. Alisema jambo baya zaidi, akiwa anachambua mchicha, bila kuniangalia: "Mume nimezoea. Hata mashine?"

Siku hiyo niliacha kubonyeza na kuanza kufikiri. Mimi siamini kwamba vitu vina mapenzi, lakini nakiri nilikuwa nimeanza kukitazama kile kijisanduku kwa jicho baya. Nikachukua daftari la dukani, nikaandika kila safari yake: nani kaibeba, imepita wapi, imechomekwa saa ngapi, taa ipi imetangulia kuwaka. Niliandika mpaka rangi ya kawa. Kisha nikaona. Kila ikienda kwa Bi Mdogo inakwenda imekufa, kwa sababu Bi Mkubwa anaichomoa kwa hasira. Kila ikienda kwa Bi Mkubwa inakwenda hai, kwa sababu Bi Mdogo anaituma kwa heshima.

Tofauti ilikuwa hiyo peke yake. Na nikakumbuka jambo nililowahi kulisikia chuoni kwenye chumba cha kompyuta, nikiwa simsikilizi vizuri aliyekuwa akilisema: kwamba modemu za namna hii zikiwashwa zinashika kompyuta ya kwanza zinayokutana nayo, na hazikubali nyingine mpaka zizimwe zisahau. Kila kompyuta ina namba yake iliyozaliwa nayo, na modemu inaikariri. Ilifika kwa Bi Mkubwa ikiwa bado inamkumbuka aliyetangulia.

Nikakimbia kwake. "Mama, tuizime."

"Fundi kakataza."

"Fundi anapanda nguzo tu. Kasema mwenyewe."

"Kitu cha watu kikifa je?"

"Kila zamu unakichomoa na hakijafa. Kikifa, nitasema nimekiua mimi."

Akanitazama, akautazama mlango, akachomoa plagi taratibu kama mtu anayetoa mwiba. Nikamwambia tusubiri. Akauliza tusubiri kiasi gani, nikasema sijui, kiasi cha kikombe cha chai. Akatia chai vikombe viwili, tukainywa ikiwa moto mno kwa sababu hakuna aliyekuwa na subira. Tukachomeka. Taa zikawaka moja moja. Nikafungua, ikafunguka. Barua ya binti yake ya wiki mbili nyuma ilikuwa humo na picha yake ameegemea mlango mweupe, tumbo kubwa.

Bi Mkubwa aliigusa picha kwa kidole, kioo kikabaki na alama. "Kwa hiyo," akasema, "alikuwa akiniletea kwa adabu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikimpelekea kwa hasira, yake inafanya kazi."

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Sikuwahi kumwona akicheka vile. Halafu akafuta macho, akasema, "Usimwambie."

Nilimwambia, bila shaka. Bi Mdogo naye alicheka, akaniambia nisimwambie mwenzake kwamba amecheka.

Mtoto alizaliwa wiki iliyofuata, wa kike, salama. Siku ya saba angenyolewa na kupewa jina asubuhi, na binti alituandikia kwamba ataweka kamera mbele, sote tuone. Furaha ilituenea nyumba nzima kwa kiasi cha saa moja. Kisha baba mkubwa akahesabu kwa vidole, akahesabu tena akianzia kidole kingine, akakaa kwenye gunia la mchele. Siku ya saba ilikuwa ndani ya zamu ya Bi Mdogo.

"Basi vunja zamu," nikasema. "Siku moja."

"Nikivunja leo kwa la heri, kesho nitavunja kwa la shari."

"Zamu ni ya mume, baba. Imeandikwa wapi kwamba ni ya modemu?"

Hilo lilimgusa. Akavaa kofia akaenda kumwuliza shehe. Alirudi baada ya adhuhuri uso umenywea. Shehe alikuwa ametaka kwanza kuelezwa modemu ni nini, na alipoelezwa kwamba ni kisanduku kinacholala siku mbili huku na siku mbili kule, alicheka mpaka wanafunzi wa madrasa wakatoka nje kuangalia. Jibu hakulitoa.

Nikaenda kwa Bi Mkubwa. Alikuwa anapepeta mchele.

"Omba zamu tu, mama. Atakupa."

"Siombi." Ungo ukapanda ukashuka. "Mimi ndiye niliyesimama pale uani, miaka ile mwenzangu anaingia, nikamwambia mume wangu, zamu ni zamu, usinizidishie usinipunguzie. Leo nikaiombe mwenyewe?"

"Basi nenda ukaangalie kule kwake."

Ungo ukasimama. "Kule wapi?"

Nikaenda kwa Bi Mdogo.

"Akitaka kuja, mlango uko wazi," akasema. "Mimi sijamfukuza mtu."

"Umemwambia?"

"Sasa mlango uko wazi nimwambie nini? Haoni?"

"Mama, binti kazaliwa na yeye. Atakaa kule asikie watu wanashangilia huku?"

Bi Mdogo akaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. "Nisimwone na mimi?" akasema. "Yule si nimemlea mimi? Hebu niambie, wewe msomi. Nani akae nje?"

Mtu mmoja angeukosa uso wa mjukuu wake wa kwanza kwa sababu ya sentensi ya mtu wa kupanda nguzo: modemu moja, kompyuta moja. Nikarudi kwenye sentensi ile nikaishika. Kwa nini iwe ndivyo? Chuoni kompyuta arobaini zilikuwa zikiingia kwenye laini moja.

Kwanza nilijaribu swichi ya mtandao ya zamani niliyokuwa nayo sandukuni, ile ya kugawa tundu moja kwa kompyuta nyingi, nikaleta kompyuta za wake wote wawili dukani, nikaziunganisha kwa waya mfupi. Iliyowashwa kwanza ikaingia, ya pili ikabaki nje. Nilipobadilisha, ya pili ikaingia, ya kwanza ikatoka. Swichi inagawa tundu tu, haigawi jina. Modemu ilikuwa ikitaka kumjua mmoja. Basi apewe mmoja: kitu cha kusimama katikati, kijitambulishe kwa modemu kama ndicho kompyuta pekee, halafu kwa ndani kiwahudumie wote. Nikampigia rafiki yangu wa chuo aliyekuwa akiuza vifaa Kariakoo.

"Unataka ruta," akasema.

"Una uhakika?"

"Wewe bado hujaacha?"

Akaituma kwa basi la kusini, pamoja na rola la waya na mfuko wa vichwa vyake vya plastiki. Ilifika siku ya tano, saa za asubuhi, konda akaniuliza kama ni redio.

Nilidhani kazi imekwisha. Nilikuwa nimesahau nipo nyumba gani. Ruta ikae wapi? Ikikaa kwa huyu, amependelewa. Baba mkubwa akaamua ikae stoo pamoja na modemu, maana stoo iko katikati ya pande mbili na tayari kebo ilipita ukutani mwake. Lakini stoo haikuwa katikati kabisa. Ilikuwa karibu na Bi Mdogo.

"Kwa hiyo waya wake utakuwa mfupi," akasema Bi Mkubwa kutoka mlangoni kwake, akiniambia mimi.

"Mfupi ndiyo, kwani kuna nini?"

"Ukiwa mfupi unafika upesi."

Nilianza kueleza kwamba habari zinakwenda kasi kiasi kwamba pima chache haziongezi wala hazipunguzi kitu. Nilieleza vizuri, kwa mfano wa mwanga wa jua. Wote wawili walinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, baba mkubwa akasema, "Sawa. Kata sawa kwa sawa."

Bi Mkubwa akajitolea kupima kwa mikono yake. Bi Mdogo akaniambia nimwambie kwamba mikono ya mwenzake ni mirefu. Ikaamuliwa nipime kwa mikono yangu, mbele ya wote: pima kumi na mbili kwa huyu, kumi na mbili kwa yule, na duka likapata kilichobaki. Waya wa Bi Mkubwa ulifika mezani kwake umenyooka. Wa Bi Mdogo ulibaki mwingi, tukauzungusha chini ya kitanda kama chatu.

Kuvisha vichwa kulinichukua siku ya sita nzima. Sikuwa na koleo lake. Nyuzi nane za rangi nane kwenye kila ncha, lazima zipangwe kwa utaratibu wake, kisha nikabana kila jino la shaba kwa ncha ya bisibisi. Bi Mkubwa aliniletea stuli. Bi Mdogo akanishikia tochi dirishani, na nilipokosea akaniambia, "Ya chungwa imeruka," kwa kuwa alikuwa msuka mikeka na macho yake yalijua mpango wa rangi kuliko yangu. Nikamwachia nusu ya kazi. Vichwa vilivyofanya kazi mara ya kwanza vilikuwa vyake, pamoja na kimoja cha waya wa Bi Mkubwa. Hilo sikulitangaza.

Jioni nikazima modemu. Tukanywa chai. Nikachomeka ruta, nikawasha. Dukani ikaingia. Kwa Bi Mkubwa ikaingia. Kwa Bi Mdogo ikaingia. Zote tatu kwa wakati mmoja, na nilikimbia kutoka mlango hadi mlango kuhakikisha, kandambili moja ikakatika.

Asubuhi ya siku ya saba, binti aliweka kompyuta yake upande mmoja wa chumba na ya mumewe upande wa pili, moja kwa kila mama. Bi Mkubwa alikuwa amejifukiza udi. Bi Mdogo alikuwa amewaalika dada zake watatu. Mimi nilisimama uani katikati, nikiona milango yote miwili.

Picha zikaja. Sekunde chache hivi tulimwona mtoto, mwekundu, amefumba ngumi. Vigelegele vikatoka pande zote. Kisha picha ya Bi Mkubwa ikaganda. Laini ya mjini ilikuwa nyembamba, na video mbili kwa pamoja zilikuwa zikisongamana mlangoni. Wembe ulikuwa umesimama juu ya kichwa cha mtoto, hautelemki.

"Imekwama!" akaita Bi Mkubwa. "Imekwama, wembe uko kichwani!"

Nikakimbia kwake. Nikajua tiba yake, na nikajua pia siwezi kumwambia Bi Mdogo azime.

Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa ua, bila kunituma mimi. "Usiogope, dada! Huku inakwenda. Ameshanyolewa upande wa kulia!"

Bi Mkubwa akabaki mdomo wazi. Halafu akajaza kifua. "Analia?"

"Halii! Anapiga miayo!"

"Kama mama yake!"

"Huyo huyo! Alikuwa akilala nikimsuka!"

Wakawa wanapiga kelele hivyo, kila mmoja akiwa kwenye kiti chake, na jirani wa uzio akaacha kutwanga ili asikie. Kisha dada zake Bi Mdogo wakaanza kushangilia, akawanyamazisha kwa ukali.

"Kuna nini?" akaita Bi Mkubwa. "Kuna nini huko?"

"Jina la kwanza limetajwa!"

"Nani?"

"Silisemi!" akaita Bi Mdogo. "Silisemi, dada, ulisikie mwenyewe kwa mwanao. Nazima yangu. Haya, nimezima!"

Nilimwona kwa dirisha lake. Alikuwa amezima kweli, amekaa mbele ya kioo cheusi, viganja vimeziba mdomo, na dada zake watatu wanamtazama kama mwendawazimu.

Kwa Bi Mkubwa wembe ukatelemka. Picha ikatikisika, ikatulia, ikawa safi kuliko picha yoyote niliyowahi kuiona kwenye laini ile. Binti alikuwa amempakata mtoto mwenye kichwa kinachong'aa, akasogea mpaka akajaa kioo chote, akalitaja jina. Jina la mtu si langu kuliandika. Ninachoweza kusema ni kwamba lilikuwa na jina la kwanza na la pili, kama ilivyo desturi, na kwamba Bi Mkubwa aliposikia la kwanza alishusha kichwa, na aliposikia la pili akainuka, akaenda mlangoni na kuita kwa nguvu zake zote:

"Na lako limo! Washa! Washa na wewe, bibi, limo na lako!"

Baba mkubwa alitoka dukani mbio, mizani mkononi, akidhani nyumba inaungua. Kila mtu alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyemweleza kitu. Akaingia kwa Bi Mkubwa, akasukumwa atoke kwenye njia ya kamera. Akaingia kwa Bi Mdogo, akaambiwa asubiri inawaka. Akarudi uani, akanishika bega.

"Nani kaona kwanza?" akauliza, jasho linamtoka.

"Sijui, baba," nikasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikutaka kujua.

Ndani, Bi Mkubwa alikuwa amerudi mbele ya kioo, amekisogelea mno, anamwimbia mtoto, na sauti ya binti ikatoka Maskati ikiwa inacheka na kulia kwa pamoja: "Mama, rudi nyuma kidogo! Namwonyesha mtoto bibi yake, naye anaona pua tu!"